Shajara ya Mradi: Mpagazi Hula Mzigo Wake

29 Machi

Tumeanza rasmi. Kundi letu lina watu watano: mwalimu wa jiografia, ambaye shule yake hapa Ilala imetupatia chumba cha maonyesho, mzee mmoja mstaafu aliyetunza bohari za serikali kwa zaidi ya miaka thelathini, kijana anayechora ramani kwa kompyuta, mama mmoja anayeuza nafaka Kariakoo, na mimi niliyekabidhiwa shajara hii. Kazi tuliyojipa ni kuandaa maonyesho madogo kuhusu ugavi katika historia ya vita, yaani namna majeshi yalivyolishwa, yalivyovishwa na yalivyofikishiwa risasi, kwa kuwa vitabu vingi tulivyosoma shuleni vilitueleza nani alimpiga nani bila kutueleza waliopigana walikula nini asubuhi ile.

Mpango wa kwanza ulikuwa mkubwa kupita kiasi. Tulitaka kuanza na Aleksanda Mkuu alivyopoteza watu wengi katika jangwa la Gedrosia mwaka 325 kabla ya Kristo, tupite kwa Napoleon aliyeingia Urusi mwaka 1812, na tumalizie na Vita vya Kagera. Mzee akauliza chumba kina mita ngapi. Mwalimu akamjibu kwamba ni nane kwa sita. Akasema katika mita nane kwa sita Napoleon hataenea, na hata akienea wanafunzi watamtazama yeye tu. Tumekubaliana kubaki na vita moja, iliyopita katika ardhi hii na kuuachia mji huu jina la mtaa: Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika ya Mashariki, 1914 hadi 1918.

5 Aprili

Leo tumegawana mada. Nimechukua bahari, kwa sababu kabla ya kuzungumzia njia za bara ni lazima msomaji aelewe kwamba Wajerumani waliokuwa hapa walifungiwa mlango wa mbele. Manowari za Uingereza zilizuia pwani, na kuanzia hapo kila sindano iliyotumika ilikuwa ama imo ndani ya koloni, ama imetengenezwa humu humu, ama imetekwa kutoka kwa adui.

Mfano wa kuteka ni Tanga, Novemba 1914, ambako kikosi kilicholetwa kutoka India kilishindwa na kurudi melini haraka hata kikaacha ufukweni bunduki mia kadhaa, bombomu 16 na risasi zipatazo 600,000. Mzee wa bohari aliposikia hesabu hiyo alitikisa kichwa na kusema kwamba hayo ndiyo mapokezi makubwa kuliko yote aliyowahi kusikia yasiyo na hati ya kupokelea.

Mfano wa kutengeneza ni kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, kule milima ya Usambara, ambacho vitani kiligeuka karibu kuwa kiwanda: dawa ya malaria kutokana na magome ya mkwinini, pamoja na bidhaa nyingine zilizokuwa zikija kwa meli.

Meli mbili tu za Kijerumani zilipenya kizuizi. Rubens ilifika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, Aprili 1915, ikafumaniwa na manowari ya Kiingereza na kuzamishwa na mabaharia wake katika maji madogo. Shehena iliopolewa baadaye, na risasi zilizolowa zikafunguliwa moja moja na kuanikwa. Marie iliingia Sudi, karibu na Lindi, Machi 1916, na mizigo yake ikapanda bara vichwani mwa watu. Jaribio la tatu lilikuwa la angani: Novemba 1917 puto kubwa la L59 liliondoka Jamboli, Bulgaria, na kuruka hadi Sudani kabla ya kuamriwa lirudi, lilikaa angani saa 95 kwa safari ya kilomita 6,800 hivi, na halikumfikishia mtu yeyote hata bandeji moja. Kijana wetu analipenda sana puto hili na anataka lipewe bango zima. Nimemwambia litapata kona.

12 Aprili

Habari ya Königsberg inaugusa mji wetu moja kwa moja, kwa hiyo nimeipa nafasi zaidi. Manowari hiyo ya Kijerumani iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale Unguja tarehe 20 Septemba 1914, lakini mitambo yake ikaharibika, na makaa ya mawe yakawa shida, basi ikajificha katika delta ya Rufiji. Vipuri vya matangi yake ya mvuke vilifunguliwa, vikasafirishwa kwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa na kurudishwa Rufiji kwa njia ile ile. Yeyote aliyewahi kwenda Utete kabla ya lami anaweza kukadiria maana ya kukokota chuma kizito katika njia hiyo kwenda na kurudi.

Meli ile iliharibiwa tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake kumi ya milimita 105 iliopolewa, ikawekewa magurudumu na kuingizwa katika vita ya bara, ambako mzinga mmoja uliweza kuhitaji mamia ya watu wa kuuvuta kwa kamba. Kijana amechora mzinga na kamba na watu. Alipomaliza aligundua kwamba watu hawaenei kwenye karatasi, akaongeza karatasi ya pili, kisha ya tatu. Tumeamua michoro hiyo itundikwe hivyo hivyo, karatasi tatu zilizogandishwa.

19 Aprili

Mkutano haukufanyika. Mvua za masika zimefurisha Jangwani, barabara ya Morogoro imefungwa, na watatu kati yetu wako upande wa Magomeni. Niliye upande huu ni mimi na mama wa nafaka, aliyeniambia kuwa magunia yake ya mchele nayo yamekwama ng'ambo tangu juzi na bei imeshapanda sokoni.

Nimeitumia siku hii kuandika bango la mvua. Mwaka 1916 Jan Smuts, aliyekuwa amekabidhiwa majeshi ya Uingereza Februari, alimtuma jenerali wake van Deventer na askari wapanda farasi kutoka Arusha hadi Kondoa Irangi. Walifika Aprili, wakauteka mji, kisha masika yakawakuta. Nyuma yao njia iligeuka tope, magari yakazama hadi ekseli, na wapiganaji wakabaki kule kwa wiki kadhaa wakila robo ya walichostahili. Farasi hawakuwa na nafuu yoyote, kwani mvua ilipopungua walibaki na mbung'o. Ugonjwa wa malale ya wanyama uliua farasi, nyumbu na maksai kwa makumi ya maelfu katika vita hii, na uhai wa farasi aliyeingia maeneo ya mbung'o ulihesabiwa kwa wiki. Jeshi lililokuja na wanyama likajikuta halina cha kubebea isipokuwa mwanadamu.

26 Aprili

Sikukuu ya Muungano, shule imefungwa lakini mlinzi ametufungulia. Tumefanya jaribio la mzigo.

Misafara ya zamani iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilimpa mpagazi mzigo wa ratili 60 au zaidi, takribani kilo 27. Mama alituletea unga kilo 25 katika mfuko wa salfeti, akasokota khanga kuukuu kuwa kata na kuniwekea kichwani mwenyewe, akinionya nisitazame chini. Tulipima uwanja: mzunguko mmoja mita 200. Nilidhani nitamaliza mizunguko 25, sawa na kilomita tano, ambazo ni robo tu ya mwendo tuliouweka kwenye hesabu zetu kwa siku moja.

Nilimaliza mizunguko 11. Uzito wenyewe haukunisumbua kama nilivyotegemea. Kilichonishinda ni unga kuhama. Kila hatua ulimwagikia upande mmoja ndani ya mfuko, shingo ikausahihisha, nao ukamwagikia upande wa pili, mpaka misuli ya nyuma ya masikio ikaanza kutetemeka. Kijana, mwenye miaka 23 na anayecheza mpira, alimaliza mizunguko 19 akakaa chini bila kusema neno. Mama aliinua ule mfuko, akatembea mizunguko sita huku akizungumza na simu, kisha akasema ana wateja.

Wakati tukipumzika Mzee alitukumbusha maneno mawili ambayo wauzaji na watumishi wa mji huu huyatamka kutwa bila kuyawazia. Mtumba, kabla ya kuwa nguo ya kutoka ng'ambo inayopigiwa mnada, ulikuwa ndiyo robota aliyobeba mpagazi. Na posho, ambayo leo mtumishi huidai akisafiri kikazi, ilikuwa kipimo cha chakula alichopimiwa mpagazi huyo. Nimeyaandikia bango lake, kwa sababu wageni wetu wengi watakuwa watu wa Kariakoo.

10 Mei

Siku ya kosa langu, na nalieleza lote kwa sababu limebadilisha mradi.

Kiini cha maonyesho ni jedwali nililokuwa nikilitengeneza tangu mwanzo, linaloonyesha jeshi linaweza kwenda mbali kiasi gani kutoka bohari yake likihudumiwa na wapagazi peke yao. Nimeweka makisio yetu wazi juu ya jedwali: mpagazi anabeba kilo 25, anakula kilo moja ya unga kwa siku, anatembea kilomita 20 kwa siku, na huko mbele kuna kikosi cha askari 1,000, nao wanakula kilo moja kila mmoja. Risasi, dawa na mahema sikuviingiza kabisa.

Nikapiga hesabu. Kilomita 100 ni siku tano, mpagazi amekula kilo tano, anafikisha 20. Kilomita 200 ni siku kumi, anafikisha 15. Kwa kuwa kwenda na kurudi ni siku 10 katika hali ya kwanza na 20 katika ya pili, wapagazi 500 walitosha kulisha kikosi kilicho kilomita 100, na 1,334 kilicho kilomita 200. Nililiona jedwali zuri, nikalipeleka likachapwa kwa rangi.

Mzee alivaa miwani, akaipitisha kalamu mstari kwa mstari kama aliyekuwa akikagua leja ya mtu aliyeshukiwa, akafika mwisho na kuuliza kwa upole: "Mwanangu, huyu mpagazi anarudi vipi? Au mmemwacha huko huko?"

Nilikuwa nimehesabu siku za kurudi bila kuhesabu chakula cha kurudi. Tulikaa tukapiga upya pale pale nyuma ya karatasi iliyochapwa. Kwa kilomita 100 anakula kilo kumi kwenda na kurudi, anafikisha 15, na wanahitajika wapagazi 667. Kwa kilomita 150 anafikisha kilo kumi, wanahitajika 1,500. Kwa kilomita 200 anafikisha kilo tano tu, wanahitajika 4,000: umbali umekuwa mara mbili, watu wameongezeka mara sita. Kwa kilomita 220 anafikisha kilo tatu, wanahitajika zaidi ya 7,300. Kwa kilomita 250 mpagazi anafika mikono mitupu, kwa maana mzigo wote umekuwa chakula chake mwenyewe.

Kuanzia hapo tarakimu ambazo tulikuwa tumezisoma bila kuzielewa zilianza kueleweka. Tulijua kwamba Waingereza na washirika wao walitumia wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja katika vita hii, dhidi ya jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, ambalo halikuzidi askari wapatao 15,000. Tulikuwa tumedhani ni kutia chumvi. Sasa tunaona ni kuzidisha tu, hasa ukikumbuka kwamba wapagazi hao waliugua, walikufa, walitoroka na kubadilishwa. Mwaka 1917 msako wa watu ulikuwa mkubwa kuliko wakati wowote, na katika Kenya peke yake John Ainsworth alikabidhiwa kazi ya kukusanya wanaume wilaya kwa wilaya kwa ajili ya kikosi cha wapagazi kilichoongozwa na Oscar Watkins.

Jedwali la kwanza tumelihifadhi. Mwalimu anataka litundikwe kando ya la pili, lenye kalamu nyekundu ya Mzee juu yake. Sikufurahi sana, lakini nimekubali.

17 Mei

Kazi ya jikoni, iliyoongozwa na Mwalimu. Unga waliopewa wapagazi mara nyingi ulikuwa wa mahindi yaliyoparazwa tu, si dona wala sembe tunayoijua. Wengi wao hawakuwa walaji wa mahindi: wa pwani walizoea wali na muhogo, wa nyanda za juu walizoea ndizi. Unga wa namna hiyo hutaka kuloweshwa na kupikwa kwa muda mrefu, ilhali mpagazi alifika kambini jua limekuchwa, kuni zimelowa, na alfajiri anasubiriwa tena. Akala vilivyoiva nusu. Kuharisha damu kuliua wapagazi wengi kuliko risasi.

Tulipika sufuria mbili za mahindi yaliyoparazwa, moja kwa dakika 20 na nyingine kwa saa moja na nusu. Ile ya kwanza niliionja. Ilikuwa kama mchanga wenye joto, na niliisikia tumboni mpaka jioni.

24 Mei

Reli. Hapa nitakuwa mfupi kwa kuwa kijana ameimaliza ramani na inajieleza. Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, miezi michache kabla ya vita. Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma mwaka 1916 walivunja madaraja yake, na Waingereza walioingia Morogoro mwishoni mwa Agosti walikuwa wameiacha nyuma sana bohari yao, ambayo bado ilikuwa upande wa Moshi na Mombasa. Mji wetu ulitekwa tarehe 4 Septemba 1916, bandari ikafunguliwa, na wahandisi wakaanza kutengeneza madaraja ya muda huku malori yaliyobadilishwa magurudumu yakipitishwa juu ya reli. Katika jedwali letu maana yake ni kwamba sifuri ya kilomita ilihama ghafla kutoka kaskazini ikaja hapa.

Na ndipo wapagazi walipoletwa kupiga kambi pale ambapo Wajerumani walikuwa wamejenga jengo la soko ambalo lilikuwa bado halijafunguliwa. Kikosi kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Midomo ya watu ikakifanya Kariakoo. Mama wa nafaka, aliyefanya biashara pale miaka 20, alikuwa hajui. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama walilipwa.

Walilipwa, mshahara mdogo na mara nyingi ukichelewa, na wa wengi waliokufa haukudaiwa na mtu.

31 Mei

Mama ndiye aliyefungua swali la mwisho, na sikulitarajia. Alikuwa akilitazama jedwali jipya, akaweka kidole kwenye kilo za kurudi. Akasema: "Mwalimu, kwetu Ugogo bibi yangu alikuwa akitaja njaa ya Mtunya. Hao watu, wakirudi, kweli walikuwa na unga? Au walipita kwetu?"

Njaa ya Mtunya iliikumba Ugogo kuanzia 1917 hadi 1920. Ukame ulikuwepo, lakini kabla ya ukame majeshi ya pande zote mbili yalikuwa yamekwisha kuchukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kulima. Lettow-Vorbeck hakuwa na bohari ya kudumu, alikula alikopita: nafaka za vijijini kwanza, kisha, alipovuka Ruvuma tarehe 25 Novemba 1917, ghala za Wareno huko Msumbiji. Waingereza walikuwa na bohari, ila mstari wa jedwali letu unaonyesha kwamba kilo za kurudi ndizo za kwanza kupunguzwa kamanda anapotaka kufikisha zaidi mbele. Kwa maana hiyo kosa langu la tarehe 10 halikuwa langu peke yangu.

Tumeongeza safu mpya katika jedwali yenye kichwa "Chakula cha kurudi kilitoka wapi?" Mbele ya kilomita 100 tumeandika: bohari. Mbele ya 200 na kuendelea tumeandika: vijiji vya njiani.

7 Juni

Tumeyaleta mabango. Mchapaji mmoja, ambaye sitamtaja, alikuwa ameandika "wapagani" badala ya "wapagazi" katika bango kubwa kuliko yote, na ilibidi lirudiwe kwa gharama yetu kwa sababu risiti ilisema tulikagua. Tulikagua kweli, saa tatu usiku, kwa mwanga wa simu.

Kabla ya kutundika tulikwenda pamoja hadi sanamu ya Askari katikati ya mji, iliyosimamishwa mwaka 1927, mahali ambapo zamani ilikuwapo sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani. Askari wa shaba ameinamisha bunduki yenye singe kuelekea bandarini. Wapagazi wametajwa katika maandishi ya chini, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Mwili wao haupo pale. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Mzee alizunguka sanamu mara mbili akisoma, akasema kwamba katika bohari yake hata koleo lililovunjika lilifutwa kwa hati.

Tumekubaliana kuacha ukuta wa mashariki mtupu, wenye misumari na kamba na karatasi tupu za kadi, ili mgeni anayelijua jina la babu aliyechukuliwa aliandike. Tulipoanza kutundika, Mama aliandika jina la kwanza, la mjomba wa bibi yake. Sitalinakili hapa.

Kilichobaki: kata tatu za khanga, mzani wa kupimia mfuko kwa kuwa wa shule unazidisha gramu 800, taa ya kona ya puto, na ruhusa ya mwalimu mkuu kufungua Jumapili, siku ambayo wachukuzi wa mikokoteni wa Kariakoo wamesema wanaweza kuja.